Viwanja vya Mkono wa Kushoto

Alhamisi moja mama wa mwenzangu wa kazi alishuka kutoka Machame kuja kumchukua binti yake, na mimi nikajikuta napatana naye kama vile tunauziana mkungu wa ndizi.

Duka letu liko Pasua, huku mjini chini ya mlima: fremu moja, kompyuta moja ya kuchorea, na printa mbili ambazo ukizijumlisha unapata printa moja nzima. Tunatengeneza kadi za harusi, mabango ya sendofu, fulana za familia, ratiba za mazishi. Mimi napokea wateja na kupatana nao. Anayechora ni yeye. Nasema hili mapema nisije nikajipa sifa zisizo zangu. Nimewahi kuchora bango moja tu maishani, la saluni, na mwenye saluni alilitundika uani.

Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umegoma. Miaka minne ya kushika mausi, asubuhi hadi jioni, na kifundo kikavimba, vidole vikaanza kufa ganzi. Hospitali wakamfunga bandeji ngumu, wakamwambia mausi asiiguse kwa mkono huo mpaka watakapomwona tena. Na mama akasikia. Kwetu habari za mjini hupanda mlima haraka kuliko gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Huyo hapo, anachora kwa mkono wa kushoto."

"Wa kushoto," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa binti yake anakula kwa mguu. "Nimekuja tupande wote. Nyumbani kuna ng'ombe watatu, na hawana mausi."

"Mama, kukamua si ni mikono miwili?"

"Atakata majani."

"Majani yanakatwa kwa mundu. Mundu unashikwa na mkono upi?"

Akanitazama kama mtu anayepima uzito wa kuku sokoni. "Wewe kijana una maneno. Haya, nakupa mpaka kesho."

"Mwezi, mama."

"Mwezi! Ng'ombe watakula nini mwezi mzima, maneno yako?"

Tulishuka, tukapanda, tukakutana katikati. Atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata, siku mbili kabla ya kipaimara cha mjukuu wake. Akimkuta binti anafanya kazi kama mtu, atamwacha. Akimkuta anahangaika, wanapanda wote na habari za uchoraji zimeisha. Siku nane. Nilizihesabu kwa vidole, halafu nikazihesabu tena kuanzia kidole kingine, zikawa nane zile zile.

Mama alipoondoka, mwenzangu akageuza kiti. "Mmeniuza hapa mbele yangu, hata nafasi ya kuongeza bei sikupewa."

"Kwani dada unataka kupanda?"

"Ng'ombe nawapenda, Mangi. Ila ng'ombe ukimpaka rangi anakasirika." Mangi ni mimi. Ananiita hivyo kwa sababu nakaa kaunta, si kwamba kuna uchifu wowote. Halafu akaacha kucheka. "Nikipanda sasa sishuki tena. Unajua mambo ya nyumbani. Leo majani, kesho kahawa, keshokutwa mwaka umeisha."

Hapo nikaacha utani na mimi. Nikachukua daftari.

Unapaswa kujua programu tunayotumia. Ni ya bure, na zana zake zimejazana kama nguo za mtumba siku ya gulio: kila kitu kipo, kukipata ndiyo kazi. Unafungua menyu, ndani yake kuna menyu, na ndani ya hiyo kuna nyingine ndogo, na mshale ukiteleza kidogo zote zinajifunga, unaanza upya. Zana tulizozizoea tulizipa majina yetu. Ile ya kukata kingo za picha ni masale, kwa sababu nyumbani mstari wa mimea ya masale ndio unaoonyesha kihamba chako, shamba la migomba la ukoo, kinaishia wapi. Ya kukuza picha ni mbolea. Ya kuziba madoa ni kiraka. Ya kuzungushia kichwa cha mtu ili umtoe kwenye picha ni kamba. Majina ya Kiingereza tuliyajua pia, lakini kama mtu anavyojua jina la mkwe: unalijua, hulitamki.

Ijumaa yote nilikaa pembeni yake na kalamu. Alikuwa anatengeneza kadi ya kipaimara ya yule mjukuu wa mama, mtoto amevaa gauni jeupe, nyuma maua. Kila alipochukua zana nilipiga mstari. Kila alipoingia kwenye menyu kutafuta, nilipiga mstari upande wa pili. Jioni nikahesabu: zana alizichukua mara sitini na mbili. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Sitini na mbili. Lakini zana zenyewe, ukiondoa kurudiarudia, zilikuwa kumi na moja tu. Mtu anazunguka soko zima mara sitini na mbili kununua vitu kumi na moja!

Ule upande wa pili ndio ulionisimamisha. Mistari ya kutafuta ilikuwa imejaa ukurasa na kugeukia nyuma.

"Dada," nikasema, "mkono wako haukuumwa kwa kuchora. Uliumwa kwa kutembea."

Akalivuta daftari, akageuza ukurasa. "Yaani nimeumia nikiwa njiani."

"Ukiwa njiani. Kazini ulikuwa hujafika."

Tulikuwa tumeujua ugonjwa. Dawa ilikuja Jumamosi, na ilikuja kwa njia ya aibu.

Alitaka kurudisha picha nyuma aione yote. Akabonyeza kitufe chenye alama ya kutoa, kile cha kulia chini. Katikati ya skrini kikachomoza kisanduku kidogo cheupe. Yeye, bila hata kukitazama, akabonyeza kitufe cha kutoka na kisanduku kikapotea.

"Nini hicho?"

"Mdudu."

"Mdudu gani?"

"Si yule yule wa siku zote. Nikibonyeza hapa nikitaka kupunguza, anatokea. Namfukuza."

"Hebu mrudishe."

Akamrudisha. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya kuandikia, na kijimstari kinapepesa ndani yake, kinasubiri, kina subira kuliko sisi wote.

"Umewahi kumwandikia chochote?"

"Mangi, mdudu haandikiwi. Anapuliziwa dawa."

"Andika jina la masale. Lile la mkwe, la Kiingereza."

Akaandika herufi mbili kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, c na r. Chini ya kisanduku ikashuka orodha fupi, na ya kwanza kabisa, juu ya zote, imekaa kama mzee wa kanisa kiti cha mbele, ilikuwa masale. Akabonyeza Enta. Mshale ukageuka kuwa masale.

Halafu akaandika s na c, ikaja mbolea. Akaandika nyingine, ikaja. Nyingine, ikaja! Mwenye duka la jirani alichungulia kuuliza kama tumeshinda kesi. Mwenzangu alikuwa amesimama, mkono wenye bandeji ameuinua juu kama refa, anapiga kelele, "Ipo! Ipo! Zote zipo!" Na mimi nilikuwa nimeshika kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu ni mara ngapi kwa siku alimfukuza, mara siku za mwezi, mara miezi. Nilipofika mwaka wa pili niliacha. Hesabu hiyo sikuirudia.

Kosa lilianzia kwenye kibodi. Ilikuja na shehena ya vitu vilivyotumika kutoka Ujerumani, marafiki wa usharika mmoja huko juu waliituma, ikapita mikono mitatu mpaka ikafika kwetu. Ina herufi zenye vinundu juu, na Y na Z zimebadilishana viti. Kompyuta yenyewe inaamini imeunganishwa na kibodi ya Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuiambia vinginevyo. Kwa hiyo vitufe vya pembeni vinasema hiki, kompyuta inasikia kile. Zamani tuliwahi kusoma mahali kwamba kwenye programu hii ukibonyeza mkwaju, ule mstari ulioinama, unatafuta zana yoyote. Tukautafuta mkwaju, tukaukuta umechorwa juu ya saba, tukaubonyeza, kimya. Tukasema ndivyo vitu vya bure vilivyo. Kumbe mkwaju wa kweli ulikuwa umejificha kwenye alama ya kutoa, na kila siku ulikuwa unatufungulia mlango, na sisi tunaufunga.

Furaha ile ilidumu kama dakika kumi. Kisha tukaona kasoro. Kitufe cha kutafuta kiko kulia. Enta iko kulia. Mkono mzima ni wa kushoto. Kila utafutaji ulimlazimu avuke kibodi yote kwenda, na aivuke tena kurudi, wakati mausi nayo inamsubiri mkono huo huo.

"Tunahama," nikamwambia. "Tunahamishia soko kushoto."

Jumatatu asubuhi nilikwenda Memorial, kwenye mitumba, si kwa ajili ya nguo. Kuna jamaa anauza vifaa vya kompyuta vilivyochoka. Nikaona kibodi nyeusi.

"Hii imekufa."

"Nusu, kaka. Herufi za juu ndizo haziandiki."

"Na Enta ya pembeni, hii ya kwenye namba?"

"Nzima kabisa."

"Basi niuzie Enta. Zilizobaki kaa nazo."

"Kaka, siwezi kukukatia Enta kama nyama."

"Basi nipunguzie za marehemu."

Akacheka, na mtu akishacheka bei imeshashuka, yeye mwenyewe ndiye hajui bado. Tuliifunga kibodi ile ya pili kushoto mwa ya kwanza. Kompyuta inakubali kibodi mbili kwa wakati mmoja, haina wivu. Enta yake ya pembeni ikaja kukaa kabisa ubavuni mwa mkono wake wa kushoto. Anaigonga kwa kidole kidogo bila kuinua kiganja.

Likabaki suala la kitufe cha kutafuta. Programu inaruhusu kubadilisha. Kuna dirisha lenye orodha ndefu ya zana zote na kitufe cha kila moja. Nilipoliona, nikaelewa mara moja ni kitu gani. Lilikuwa rejista ya viwanja. Vitufe vilivyo chini ya vidole vya kushoto ni fremu za barabarani. Vya kulia ni huko bondeni, magari hayafiki.

"A nani anakaa?" nikauliza.

"Brashi ya kupuliza."

"Umewahi kumtumia?"

"Hata siku moja."

"Atoke. S?"

"Wa kupakaza. Huyo naye simjui."

"Atoke naye. Na hapa juu, hiki chenye alama kama paa la kibanda?"

"Hicho hakina mtu. Hakijawahi kuwa na mtu."

Kona kabisa, juu kushoto, kidole kinafika bila kutafuta, na kiko wazi! Mjini huwezi kupata kiwanja kama hicho ukiwa na ndugu watano halmashauri.

"Hapo nataka kiraka," akasema haraka.

"Hapo anakaa wa kutafuta."

"Kiraka natumia kuliko vyote."

"Kiraka umetumia mara kumi na tisa, nimehesabu. Kutafuta kumejaza ukurasa na nusu. Anayeleta wateja wengi ndiye anakaa kona."

"Basi kiraka kipewe A."

"A yako. Mbolea?"

"S."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Hapo tungeacha, tungekuwa watu wenye hekima. Lakini mwenye ramani mkononi hashibi. Mchana ule niligawa viwanja kama mjumbe wa mtaa anayekaribia kustaafu. Kila zana ilipata kitufe, na iliyokosa kitufe ilipata vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Pale ambapo programu iliniuliza kitu kwa Kiingereza kirefu nilibonyeza ndiyo, kama tunavyosaini fomu zote.

Jumanne asubuhi alifungua picha ya mtoto wa kipaimara wa familia moja ya huko huko Machame. Alitaka kamba azungushie kichwa. Kamba siku zote inakaa F, kidole chake kinaijua. Akabonyeza F, akagusa gauni la mtoto. Gauni jeupe lote likawa kijani. Kijani cha jani la mgomba baada ya mvua.

Kisha akaniita kwa upole ambao sikuupenda. "Mangi. Huyu mtoto anapokea kipaimara au anakwenda jeshini?"

F nilikuwa nimempa ndoo ya kumwagia rangi. Na lile swali refu la Kiingereza lilikuwa linaniuliza kama nina hakika nataka kumfukuza kamba.

"Unahamisha mpangaji anayelipa," akasema, "bila hata kumpigia hodi."

Tukarudisha karibu kila kitu kilivyokuwa. Kamba akarudi F na msamaha juu. Tukaweka sheria: vidole vitano, viwanja vitano, na wanaofukuzwa ni wale tu asiowahi kuwatumia. Zana nyingine zote, hata ziwe mia, zinapita kwa kitufe cha kipaa. Kipaa, herufi mbili tatu, Enta ya pembeni. Mausi ikabaki kushoto kwa kazi moja tu ya kuonyesha: hapa, na hapa, na hapa.

Jumatano alikuwa anatafuta vitufe kwa macho. Alhamisi nilimwona anazungumza na mteja kuhusu rangi ya fulana huku vidole vinaita zana bila yeye kuvitazama. Na kile kisanduku kilikuwa na adabu ambayo hatukuitegemea: kinakumbuka. Zana aliyoiita mara nyingi kinaileta juu hata kabla hajamaliza kuandika, kama mama ntilie anayeona unavuka barabara na tayari ameshapakua. Nilichukua tena daftari. Kadi ile ile, maua yale yale. Upande wa kutafuta kwenye menyu, mistari minne. Nikahesabu tena, kwa sababu minne haikuniingia akilini. Ilikuwa minne.

Ijumaa saa nne mama akafika. Khanga ya kanisani, begi kubwa, uso wa mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakaa kwenye benchi. Hakumuuliza binti hali ya mkono. Alitoa kwenye bahasha picha ndogo ya zamani, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na unyevu. Mwanamume mrefu amesimama kihambani, nyuma yake ng'ombe. "Huyu ni baba yako. Nataka kwenye kadi ya mjukuu asimame pembeni yake. Ng'ombe simtaki."

Nilijua anachofanya. Mteja mgumu hakuulizi kama unaweza, anakupa kazi na kukaa kimya. Mwenzangu naye alijua.

Akaiweka picha kwenye skana. Ilipotokea kwenye skrini, kiganja cha kushoto kikashuka katikati ya kibodi mbili. Kipaa, c, r, Enta: masale, kona iliyoliwa ikabaki nje. F: kamba, na mausi ikaanza kumzunguka baba yake nukta kwa nukta, bega, sikio, kofia. Ng'ombe akaachwa upande wa pili wa mpaka. A: kiraka, madoa ya unyevu shingoni yakafungwa moja moja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani na bandeji yake. Mwanzoni mama hakuitazama skrini hata kidogo. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto, vile wamama wa kwetu wanavyomtazama mtu anayemenya ndizi, kuona kama anapoteza nyama.

Nilileta chai. Haikuwahi kupoa. Baba akahamia kwenye kadi, akasimama pembeni ya mjukuu ambaye hawakuwahi kuonana naye.

"Alikuwa mrefu kuliko hivyo," mama akasema.

S. Mbolea. Baba akakua.

"Sasa umezidisha. Alikuwa mrefu, hakuwa mnara."

Akapungua kidogo.

"Hapo." Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena, akatazama. "Hapo. Ndiye huyo."

Mwenzangu alichapa kadi moja ya mfano. Mama akaishika kwa vidole viwili hadi wino ukakauka, akaiweka kwenye bahasha pamoja na ile ya zamani. Wakati huo mlangoni alikuwa ameshasimama mteja mwingine, anauliza fulana za kipaimara zinatoka lini. Mama alimtazama yule mteja, akamtazama binti, akasimama na kujifunga khanga vizuri.

Mwenzangu akasogeza kiti nyuma ainuke. Sikujua anainuka kusindikiza au kuondoka, na nadhani yeye pia hakujua.

"Kaa," mama akasema. "Wewe una kazi." Akanisukumia mimi lile begi. "Huyu ndiye hana. Atanifikisha stendi."